Mtoto Mkimbizi katika Shule Katoliki Nchini Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Januari meza ya usajili huwa na watu wa aina mbili. Wapo wazazi wanaosimama foleni na bahasha zao, na wapo wanaokaa pembeni, karibu na ukuta, wakingoja foleni iishe ndipo wasogee. Hao wa ukutani mara nyingi wametoka Kivu, Bujumbura, Juba au Mogadishu, na mkononi wana karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Nimefundisha miaka mingi katika shule inayodhaminiwa na Kanisa Katoliki, mashariki mwa Nairobi, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wazazi hao, na walimu wenzangu, na wanajumuiya parokiani. Majibu ni ya Kenya, isipokuwa swali la 20.

## Mambo ya msingi

1. Mtoto mkimbizi ni nani?

Ni mtoto aliyelazimika kuvuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia maisha yake, awe na jamaa au peke yake, na nchi aliyoingia ikamtambua hivyo. Ambaye ombi lake bado linashughulikiwa huitwa mwomba hifadhi. Mlangoni pa shule tofauti hiyo isiwe kizuizi, kwa kuwa wote wawili wana haki ya kusoma.

Mtoto Mkenya aliyehama kwa mafuriko au mapigano ni raia. Majibu ya karatasi hapa chini hayamhusu, lakini yale ya darasani (swali la 10 hadi la 13) yanamhusu sana.

2. Shule Katoliki ni ya Kanisa au ya serikali?

Nyingi ya zile tunazoziita "za Katoliki" ni shule za umma. Serikali huajiri walimu kupitia Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na Kanisa ni mdhamini. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mdhamini nafasi katika bodi ya usimamizi na kazi ya kulea maisha ya kiroho ya shule, huku akilinda imani ya wanafunzi wa madhehebu na dini nyingine. Nyingine ni shule za binafsi za jimbo, za parokia au za mashirika ya masista na mabruda, na hizo hujipangia karo. Mzazi aulize mapema shule ni ya aina gani, maana jibu la karo hutegemea hapo (swali la 8).

3. Mwalimu mkuu anaweza kumkataa mtoto kwa sababu ni mkimbizi?

Hapana. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imesema kila mtoto, haikusema kila mtoto Mkenya. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya kabila, dini, rangi, lugha au hali yake. Tena Kenya imejifunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao ibara yake ya 22 inataka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi.

Shule ikijaa, imejaa kwa wote. Ila mzazi akiambiwa "sisi hatuchukui wakimbizi", aombe jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo pekee hubadilisha mazungumzo. Likishindikana, aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na kwa shule inayodhaminiwa na Kanisa aende pia kwa katibu wa elimu wa jimbo. Wazazi wengi hawajui kwamba jimbo lina ofisi hiyo. Paroko au katekista atawaelekeza.

4. Kwa nini Kanisa lijitwike jambo hili, na watoto wetu wenyewe wana shida?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini baada ya Misa, na linastahili jibu la heshima, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo.

Bwana wetu mwenyewe alibebwa usiku kupelekwa Misri kwa sababu mfalme alitaka kumuua. Katika Matayo 25 anajihesabu pamoja na mgeni: "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya 2018, Papa Francisko aliyaweka hayo katika vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kukuza na kushirikisha. Mara nyingi sisi huishia kwenye cha kwanza. Tunampokea mtoto, tunapiga makofi, kisha anakaa dawati la nyuma mwaka mzima bila kuulizwa swali.

Kazi hii si mpya kwetu. Padre Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti, alianzisha Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, mnamo Novemba 1980, akiguswa na Wavietnamu waliokimbia kwa mashua. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, vijana waliotembea kutoka Sudan walipofika Turkana, na JRS pamoja na Wasalesiani wa Don Bosco wamekuwa huko tangu miaka ya tisini. Wasalesiani wanafundisha ufundi, JRS inasaidia masomo na watoto wenye ulemavu. Hata hivyo pengo ni kubwa. Ripoti ya elimu ya mwaka 2023 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu wakimbizi milioni 14.8 wenye umri wa kwenda shule duniani, na zaidi ya nusu yao hawakuwa shuleni.

Kuhusu watoto wetu, sijawahi kuona mtoto Mkenya akipata nafasi kwa sababu mkimbizi amenyimwa. Nimeona shule iliyojifunza kumsubiri mkimbizi karatasi zake ikianza kumsubiri na yatima wa mtaani.

## Usajili na karatasi

5. Hana cheti cha kuzaliwa wala barua ya uhamisho. Tufanyeje?

Mwandikishe kwanza, karatasi zifuate.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye meza ya usajili nilimrudisha mama mmoja akalete barua ya uhamisho. Alisimama kidogo, akasema shule ya mtoto wake imechomwa, akaondoka. Baadaye nilimtafuta parokiani nisimpate. Tangu siku hiyo sijamrudisha mtu kwa sababu ya karatasi.

Zinazotosha kuanzia ni kitambulisho cha mkimbizi cha mzazi au mlezi, au hati ya usajili inayoonyesha majina ya familia yote, au karatasi ya UNHCR ambayo wengi huiita "mandeti". Kama familia haijasajiliwa kabisa, iende kwenye ofisi za Idara ya Huduma za Wakimbizi; huku Nairobi wengi wanazijua kwa jina la Shauri Moyo. Ripoti za shule zilizopigwa picha kwa simu zikubaliwe pia. Kabla ya kukimbia, akina mama wengi hupiga picha ripoti za watoto.

Ugumu unabaki kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, ambao uliundwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa, na kwa asiyeingia humo shule haipati fedha za serikali. Mwalimu mkuu asimwachie mzazi mzigo huu. Apeleke orodha ya watoto hao kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri. Kwa mitihani ya taifa ya KNEC jambo hili lianze mwaka mzima kabla ya usajili wa watahiniwa, na majina yafanane kwenye kila karatasi. Herufi moja tu, Ndayishimiye na Ndaishimiye, inaweza kumsumbua mtoto mpaka chuo kikuu.

6. Je, aliyezaliwa hapa Kenya?

Anastahili cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Sheria inataka kila uzazi nchini uandikishwe, bila kujali uraia wa mzazi. Cheti hicho hakimpi uraia, lakini kinamfungulia mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na mzazi afuatilie mapema, akianza na karatasi ya taarifa ya uzazi kutoka hospitali.

7. Aingie darasa gani?

Hapa ndipo shule nyingi nzuri hukosea, kwa nia njema. Mtoto amemaliza darasa la sita Bukavu. Anapewa jaribio la Kiingereza, anapata alama nne, anashushwa hadi gredi ya 2. Ana miaka kumi na tatu, magoti hayaingii chini ya dawati, na kabla ya Pasaka ameacha shule. Jaribio lile lilipima Kiingereza tu, nalo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mpe hesabu tupu, zisizo na maneno: sehemu, desimali, kugawanya kwa tarakimu mbili. Mwombe asome kwa lugha aliyofundishwa. Kwa Mkongo na Mrundi itakuwa Kifaransa, na parokia za Nairobi hazikosi padre au sista anayekijua. Muulize aliishia wapi, kisha muulize alikaa nje ya shule muda gani, kwa sababu anayejibu "la sita" anaweza kuwa aliliacha miaka mitatu iliyopita. Baada ya hapo mweke karibu iwezekanavyo na umri wake, mpe msaada wa lugha (swali la 9), na mpime tena mwisho wa muhula. Kumpandisha darasa katikati ya mwaka si aibu. Aliyevuka sana umri wa msingi huenda akafaa zaidi ufundi, kama ule wa vituo vya Don Bosco, ila aamue mwenyewe na mlezi wake, bila kusukumwa.

8. Mkimbizi analipa karo?

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinazuia shule ya umma kutoza karo ya masomo, kisha kinaongeza kwamba asiye raia anaweza kutozwa. Shule chache hukishikilia kifungu hicho dhidi ya wakimbizi. Kwangu mimi shule inayobeba jina la mtakatifu haina sababu ya kujificha humo: kifungu kinasema anaweza kutozwa, hakisemi lazima, na ahadi ya ibara ya 22 (swali la 3) iko pale pale kwa elimu ya msingi. Michango mingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu, kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, ni halali, lakini sheria hiyo hiyo inasema mtoto asinyimwe masomo kwa kushindwa kuilipa.

Shule za binafsi za Kanisa hutoza. Mzazi aulize kama shirika linaloiendesha lina nafasi za punguzo, na aulize mapema, kwa maana nafasi hizo ni chache na huisha Novemba na Desemba. JRS hutoa ufadhili wa sekondari kwa wakimbizi, na ushindani wake ni mkali.

## Darasani

9. Mtoto anaongea Kiswahili vizuri kabisa. Mbona anaanguka Kiswahili?

Kiswahili cha Goma na Bukavu ni Kiswahili, ila si kile cha mtihani. Mtoto atasema "batoto" mahali mtihani unataka "watoto", na masomo yake yote mengine aliyasoma kwa Kifaransa. Darasa likicheka, anajifunza kunyamaza. Wakati fulani niliandika ubaoni sentensi ya Kibukavu na ya Kimombasa, na nikawaomba wanafunzi wazilinganishe. Yule mtoto akawa mwalimu kwa dakika kumi, na sikumsikia tena mtu akimcheka.

Kwa mtoto wa Juba anayesema Kiarabu, Mrundi au Msomali anayeanza Kiswahili sufuri, mwenzake mmoja wa kukaa naye dawati moja anafaa kuliko vitabu vitatu. Usimchague yule bora zaidi darasani, mchague mwongeaji.

10. Haongei, au analala darasani, au anashtuka mlango ukigongwa. Nifanye nini?

Mchukulie kwanza kuwa mtoto aliyechoka, kabla ya kumwita mtoto mgonjwa. Wengi hawalali usiku, chumba kimoja watu wanane, na wengine huota. Muulize amekula nini. Ukigundua kuwa analala wakati wa hisabati tu, hilo ni jambo jingine.

Mweke mahali anapouona mlango, asiupe mgongo. Mwambie mapema kengele ya moto itakapojaribiwa. Usimguse begani kwa nyuma. Ratiba isiyobadilika ni dawa kubwa: sala, somo, uji, somo. Mtoto ambaye dunia yake ilivunjika ghafla hutulia anapojua kitakachofuata saa nne.

Usimlazimishe kukusimulia yaliyompata. Akitaka kusema, atasema, mara nyingi wakati wa kufagia darasa. Msikilize bila kuuliza "ikawaje?" Dalili zikizidi wiki kadhaa, au akijiumiza, mpeleke kwa mshauri wa shule au kapelani, na umwambie mtoto kwamba umefanya hivyo. Ukihisi anadhulumiwa nyumbani au shuleni, nambari ya 116 ya Childline ni ya bure.

11. Kuna mada za masomo za kuepuka?

Insha. "Safari ambayo sitaisahau." "Likizo niliyoifurahia." Tumezitoa miaka yote bila kufikiri, na kuna mtoto anayekaa nazo mbele yake akiwa ameshika kalamu dakika arobaini. Si lazima ziondolewe; toa mada mbili, moja ikiwa ya kubuni kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwenye mchoro wa ukoo katika somo la jamii. Mwache mtoto achore familia anayoishi nayo sasa.

12. Wenzake wanamwita "mkimbizi" kama tusi.

Linyamazishe siku ile ile, ila usimfanye yeye kuwa mada ya gwaride la asubuhi. Zungumza na waliosema, pembeni, kwa majina yao. Nimewauliza wavulana kama hao kama Yesu wa Misri angeitwaje katika shule yetu, nao wakainamisha vichwa. Na tuwe wakweli: mara nyingi neno lile limetoka chumba cha walimu. Mwalimu anayesema "wale Wakongo wako" asishangae kulisikia uwanjani.

13. Nidhamu je? Kiboko kidogo?

Kimepigwa marufuku na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi, kwa watoto wote. Kwa mtoto aliyeona watu wazima wakipiga watu, kiboko kinamweka mwalimu upande wa wale aliowakimbia.

## Imani

14. Mtoto ni Mwislamu, au Mprotestanti. Atalazimishwa Misa?

Haipaswi. Ibara ya 32 ya Katiba inazuia kumnyima mtu elimu kwa sababu ya imani, au kumlazimisha kufanya ibada iliyo kinyume nayo, na kifungu cha 27 tulichokitaja kinamtaka mdhamini mwenyewe alinde imani ya wengine. Shule nyingi zetu hukutana kwa sala ya asubuhi na Misa ya shule. Mpe asiye Mkatoliki mahali pa heshima pa kukaa wakati huo, kwa mfano maktaba, badala ya kumpa fagio. Na mwandikie mzazi utaratibu huo siku ya kwanza, kwa lugha anayoisoma.

15. Je, hijabu?

Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya shule ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliokuwa umewaruhusu wasichana Waislamu kuivaa pamoja na sare, kwa hoja ya utaratibu wa kesi. Kanuni ya sare imebaki kwa bodi, na ni vyema iketi na wazazi. Kuna shule Katoliki zinazoruhusu kitambaa cha rangi ya sare, na sijaona imani ya mtu mwingine ikipungua kwa hilo.

## Parokia na jumuiya

16. Jumuiya yetu ndogo ndogo inataka kusaidia. Tuanze wapi?

Ulizeni shule kabla ya kukusanya. Nguo huja nyingi. Viatu vya ukubwa sahihi, taulo za hedhi, nauli na pesa ya chakula cha mchana haviji. Chakula cha mchana ndicho kinachomweka mtoto shuleni siku ya Ijumaa.

Kitu kisichogharimu fedha: mtu mmoja wa jumuiya aandamane na mama mgeni kwenda ofisi ya elimu au Shauri Moyo. Ana kazi ya kukaa naye kwenye benchi tu. Namna mtu anavyojibiwa hubadilika akiwa na mwenzake anayemjua karani. Pia siku ya wazazi kutembelea bweni kuna watoto wasiotembelewa kamwe. Gawaneni majina mapema, na mwende na chapati.

17. Tupige picha tukikabidhi misaada?

Watoto hapana. Wapo waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo, na picha yenye jina la shule kwenye Facebook ni anwani kamili. Pigeni picha magunia.

## Hali ngumu

18. Mtoto hana mzazi, anaishi na "shangazi" ambaye si ndugu.

Mkubali shangazi huyo kama mlezi kwa shughuli za kila siku, na wakati huo huo mjulishe afisa wa watoto wa kaunti ndogo na UNHCR au shirika linaloshughulikia ulinzi wa watoto, ili ulezi uandikishwe. Watoto wengi walio hivi wanalelewa kwa upendo mkubwa. Wachache wamekuwa watumishi wa ndani. Ishara ya kuangalia ni mtoto anayechelewa kila siku kwa sababu ya kazi za asubuhi ambazo watoto wengine wa nyumba hiyo hawazifanyi.

19. Mwanafunzi wa bweni ametoka Kakuma. Likizo aende wapi?

Mkimbizi anayeishi kambini anahitaji kibali cha kusafiri nje ya eneo lake, na kibali kina tarehe. Mwalimu wa bweni awe na nakala, ajue kinaisha lini, na aandike barua ya shule ya kuambatana nacho wiki mbili kabla ya kufunga. Mwanafunzi aliyekamatwa njiani Lodwar au Kitale bila karatasi hakosei yeye peke yake. Likizo fupi ya katikati ya muhula haitoshi safari ya Turkana; tafuteni familia ya parokia, iliyochunguzwa na kukubaliwa na mlezi wake, au abaki na masista.

20. Mambo ni haya haya Tanzania na Uganda?

Hapana. Tanzania wakimbizi wengi wanaishi kambini mkoani Kigoma, kama Nyarugusu, na watoto wamekuwa wakisomea mitaala ya Burundi na Kongo humo humo, kwa hiyo shule Katoliki za nje huwapata mara chache. Uganda wanasoma mtaala wa Uganda katika makazi kama Nakivale, bega kwa bega na watoto wa wenyeji, katika shule ambazo baadhi zilianzishwa na Kanisa. Kenya inaelekea huko pia: mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuziingiza shule za kambini katika mfumo wa serikali.

21. Familia imepata safari ya kuhamia nchi nyingine. Shule ifanye nini?

Taarifa huja kwa ghafla, wakati mwingine siku chache tu. Andaa barua ya uhamisho, ripoti zote na nakala ya matokeo ya kitaifa, zikiwa na mhuri, kwa Kiingereza. Wape wenzake nafasi ya kuaga. Watoto hawa wameondoka mahali pengi bila kuaga mtu.

Na usiharakishe kulifuta jina. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeuza vyombo na kurudisha vyumba zikabaki Nairobi na masanduku. Watoto wao walirudi kwenye lango la shule wakiwa na aibu, kana kwamba walidanganya. Mtoto akirudi hivyo, usimpeleke kwenye meza ya usajili tena. Mpeleke darasani kwake, dawati lake, na umwite jina lake kwenye mahudhurio pale pale lilipokuwa.